Nilikuwa Naziona Karata Zake

Mume wangu hachezi kamari. Naanza na hilo mapema kwa sababu najua jarida hili linafika mpaka saluni anakosukia mama mkwe, na sitaki kupigiwa simu Jumapili asubuhi. Hachezi, na hajawahi kuweka hata shilingi mia tano. Ila kutazama, jamani! Wenzie wana mpira, yeye ana poka.

Ugonjwa huo aliutoa Manchester, alikokwenda kwenye mafunzo ya miezi sita kabla hatujaoana. Mwenzake wa bwenini alikuwa anatazama poka kila usiku, basi naye akanasa. Tulipooana nikadhani yataisha. Wapi! Mtoto akishalala, mimi najiandaa kwa tamthilia yangu, yeye keshaunganisha laptopu na televisheni, na hapo kwenye skrini wamekaa watu tisa wenye miwani ya jua usiku wa manane, kimya kama wako msibani.

Mwanzo nilinuna. Halafu nikaona isiwe taabu, nikakaa pembeni yake na bakuli langu la bisi. Siku moja nikajikuta namfokea mzee mmoja wa Marekani kwenye televisheni: "Wewe baba, usitupe! Mwenzio hana kitu!" Baba Nuru alicheka mpaka akakohoa. Nami nikawa nimenaswa.

Kilichoninasa ni kimoja tu: sisi watazamaji tunaona karata za wote.

Kamera chini ya meza

Kwa ambaye hajawahi kuitazama, poka inayoonyeshwa sana iko hivi. Kila mchezaji anapewa karata mbili, kifudifudi, anazichungulia peke yake. Halafu mgawaji anafunua karata tano katikati ya meza, za wote: kwanza tatu, kisha moja, kisha moja. Kila hatua watu wanaweka dau, wanapandisha, au wanatupa karata zao na kujitoa. Mwenye mkono mzuri anashinda. Lakini pia anaweza kushinda asiye na kitu kabisa, ilimradi awazuge wenzie mpaka wote wajitoe. Na akishinda kwa kuzuga halazimiki kumwonyesha mtu. Ukitaka kuziona karata zangu, lipia dau langu. Hiyo ndiyo sheria, na ndiyo roho ya mchezo.

Zamani poka kwenye televisheni ilikuwa inachosha, maana mtazamaji naye alikuwa haoni kitu. Aliyebadilisha mambo ni Henry Orenstein, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyenusurika kambi za Wanazi, akahamia Marekani na kutajirika kwa kubuni midoli. Mwaka 1995 alipata hataza ya meza yenye kamera zinazoona karata zilizofichwa. Waingereza walilianza hilo mwaka 1999 kwenye kipindi cha Late Night Poker cha Channel 4: meza ilikuwa na vioo, na kamera chini yake. Siku hizi karata zina chipu ndogo ndani na meza yenyewe inazisoma.

Matokeo yake yalionekana mwaka 2003 kule Las Vegas, kwenye mashindano makubwa ya World Series of Poker. Mhasibu mmoja wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker (ndiyo, ni jina lake la ukweli) aliingia kwa tiketi aliyoipata kwenye mchezo wa intaneti wa dola 86, wakati kiingilio chenyewe kilikuwa dola 10,000. Wakabaki wawili, yeye na bingwa mzoefu Sam Farha. Kwenye mkono mmoja Farha alikuwa na jozi ya tisa. Moneymaker hakuwa na kitu, kila alichokisubiri hakikuja. Akasukuma sarafu zake zote katikati, uso mkavu. Farha akawaza, akawaza, akatupa karata. Baadaye Moneymaker akatwaa ubingwa na dola milioni 2.5. Mwaka huo waliingia watu 839. Mwaka uliofuata wakaja 2,576. Kila karani duniani alikuwa ameona kwa macho yake kwamba hata bingwa anazugika.

Ila mimi nilipoutazama mkono ule, nilimwona Farha mjinga. "Ana jozi ya tisa, anatupa nini?"

Baba Nuru akanijibu, "Mama Nuru, wewe unaona. Yeye haoni. Ukiwa kwenye kochi kila mtu ni bingwa."

Ubishi wetu

Ubishi ukaanzia hapo, na ukadumu wiki nzima. Je, ni haki kuzianika karata za mtu namna ile?

Mimi nilisema haki tupu. Kila kitu kionekane, anayeogopa kuonwa ana lake jambo. Yeye akasema inategemea. Aliyekaa kwenye meza ya kamera, mizaha yake, woga wake na namna anavyozuga vinaonwa na dunia nzima, na kesho atakutana na mtu aliyemsoma vizuri. Aliyekaa meza ya nyuma, isiyo na kamera, siri zake zimebaki zake. Ndiyo maana kamera zilipoingia wapo wakongwe walionung'unika: kuzificha karata ndiyo mali yao, leo inagawiwa bure.

"Lakini hilo wamekubali wenyewe," akasema. "Tatizo ni muda. Onyesha, ila mchezo uishe kwanza."

Akanieleza ya mwaka 2011. Kabla ya hapo vipindi vingi vilikuwa vinarekodiwa na kurushwa baadaye. Mwaka ule fainali ya Las Vegas ikarushwa karibu moja kwa moja, ikicheleweshwa takriban dakika 15 tu, na karata zikionyeshwa. Sasa fikiria: mchezaji bado yuko mezani, marafiki zake wako pembeni na simu zao. Robo saa ikipita wanajua yule jamaa alizuga au hakuzuga, na mapumziko yakifika wanamnong'oneza mtu wao. Yaani unacheza na mtu aliyeshachungulia jana yako. Aliyeshinda, Pius Heinz wa Ujerumani, aliondoka na dola milioni 8.7, na hakuna aliyesema kaiba, maana kila mtu alikuwa na watu wake pembeni. Lakini mchezo si ule tena.

Halafu kuna lililo baya zaidi. Hata matangazo yakicheleweshwa, yupo mtu anayeona papo hapo: aliyeko kwenye chumba cha kurushia matangazo. Mwaka 2019, kwenye ukumbi mmoja wa California uliokuwa ukichelewesha matangazo kwa nusu saa, mchezaji mmoja alikuwa anashinda mno, wenzake wakamshutumu kwamba kuna anayempa habari kutoka ndani. Alikanusha, na mwaka 2020 jaji akaitupa kesi ya madai iliyofunguliwa. Mwaka 2022 karibu na Los Angeles, mwanamke mmoja aliitikia dau kubwa akiwa hana hata jozi, akashinda fungu la dola 269,000, akaitwa mwizi palepale. Uchunguzi ulioagizwa na waandaaji haukupata ushahidi kwamba aliiba. Lakini nani atamsafisha? Watu wakishajua kwamba kuna jicho linaloweza kuona, hawaaminiani tena.

"Kwa hiyo mwenye dhambi ni kamera?" nikauliza.

"Hapana. Ni anayeona halafu mdomo wake haukai."

Tulicheka, tukazima taa. Wala sikujua kwamba nilikuwa nasomewa mashtaka yangu mapema.

Jumatano ile

Haya ninayoyaeleza sasa yana miaka miwili. Mwezi wa pili, Jumatano, Nuru alipandwa na homa shuleni. Nikampigia baba yake, simu imezimwa. Nikapiga ofisini kwao, kampuni ya kutoa mizigo bandarini aliyokuwa ameifanyia kazi miaka saba. Dada wa mapokezi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, kwani hujui? Baba Nuru hatuko naye tangu Ijumaa. Wamepunguza watu."

Asubuhi ile alikuwa ametoka na shati nililompigia pasi mimi, na tai.

Nilimchukua mtoto, nikampeleka hospitali, nikarudi nyumbani, nikakaa. Nikajiambia akirudi atasema. Alirudi saa moja jioni, akaulizia homa, akala, akasema foleni ya leo haijawahi kutokea. Hakusema. Alhamisi akatoka na tai. Ijumaa akatoka na tai.

Msomaji, nataka niwe mkweli hapa, maana nisipokuwa mkweli hakuna haja ya kuandika. Siku tatu za kwanza nilikaa kimya kwa huruma. Nilisema mwanaume akipoteza kazi anajisikia amevuliwa nguo, nimpe nafasi. Wiki ya pili huruma iliisha, ikaja hasira: mimi ni nani yake mpaka anifiche? Wiki ya tatu likaja jambo ambalo mpaka leo nalionea aibu. Nilianza kunogewa.

Nilikuwa namuuliza makusudi, "Bosi wenu yule mkali anaendeleaje?" Naye ananitungia hadithi ndefu, bosi kafoka, bosi kafanya hivi na vile, nami namtazama usoni huku najua hana kitu mkononi. Naona anavyoshika kikombe. Naona anavyokohoa kabla ya kudanganya. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi langu na bisi zangu, namtazama mume wangu kama namtazama Sam Farha. Ukiwa kwenye kochi kila mtu ni bingwa.

Na mdomo wangu haukukaa. Jumatano ileile usiku nilimpigia dada yangu, nikalia, nikamwambia yote. "Ila usimwambie mtu." Dada hakumwambia mtu. Alimwambia mume wake tu, tena kitandani. Shemeji naye hakumwambia mtu, isipokuwa rafiki yake mmoja.

Kiwanja cha Kigamboni

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Baba Nuru hakuwa anazurura. Kila siku alikuwa anashinda kwenye gereji ya rafiki yake Buguruni, kwenye kiofisi cha nyuma, anaandika barua za kuomba kazi. Na alikuwa anauza kiwanja chake cha Kigamboni, alichokinunua kabla ya ndoa, ili ada ya Nuru ilipwe na kodi ya nyumba ilipwe, mimi nisishtuke mpaka apate kazi nyingine. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake.

Mnunuzi alikuwa amefika milioni 12. Baba Nuru anataka 14. Alikuwa anamwambia mnunuzi, "Kaka, mimi sina shida ya pesa, nauza kwa sababu niko mbali nacho. Usipofika hapo nakiacha." Alikuwa anazuga, na anazuga vizuri. Walikuwa wanaelekea 13.

Na mnunuzi huyo, jamani, ndiye rafiki yake shemeji. Dar ni kubwa, lakini ukiwa na siri inakuwa kama uwani kwenu.

Ijumaa moja mnunuzi akaja gereji, akakaa juu ya tairi, akasema bei yake sasa ni milioni nane. Baba Nuru akamwambia basi, nakiacha. Yule bwana akatabasamu. "Kaka, tusichoshane. Najua huna kazi tangu mwezi wa pili. Ada inakungoja. Chukua nane."

Alirudi nyumbani saa tisa mchana. Nilikuwa nimewahi kutoka kazini, nikamkuta sebuleni, amevua tai ameiweka mezani kama kitu cha mtu mwingine. Hakufoka. Aliuliza tu, "Mama Nuru, ulijua lini?"

Nikataka kuuliza nimejua nini. Nikashindwa. "Jumatano ile Nuru alipougua."

Akahesabu. "Wiki tano." Kisha akasema, "Wiki tano unaziona karata zangu, na mtaa mzima unaziona, mimi tu ndiye nazificha."

Nilijitetea, usifikiri nilikaa kimya. Nilimwambia wewe ndiye uliyeanza. Wewe ndiye uliyetoka na tai. Mke si wa kuchezewa hadithi za bosi. Akakubali. Akasema ni kweli, alikosea siku ya kwanza, na kila siku iliyofuata ilikuwa ngumu kusema kuliko ya jana. "Lakini mimi nilikudanganya wewe peke yako," akasema. "Wewe hukunidanganya. Wewe ulinionyesha kwa watu, na mimi bado niko mezani nacheza."

Tulilala kila mtu amegeukia ukuta wake. Kiwanja kiliuzwa baada ya wiki mbili kwa milioni tisa, kwa mtu yuleyule, maana ada haikungoja. Si chini ya milioni tatu ziliondoka kwa simu moja niliyoipiga nikiwa nalia. Sijawahi kupiga simu ghali kama ile.

Kukaa upande mmoja

Kilichotupatanisha si mshenga wala semina ya ndoa. Ni babu yangu, tena marehemu.

Miezi kadhaa baadaye tulikwenda Tanga kwenye hitima. Jioni wazee walikuwa barazani wanacheza wahedi na sitini. Mchezo huo ni wa watu wanne, wawili wawili, na mwenzako anakaa mkabala na wewe. Nikamkumbuka babu. Alikuwa anacheza na jirani yake mmoja miaka yote, na walikuwa na ishara zao: kugusa sikio, kukuna kidevu, kukohoa. Bibi alikuwa anasema wale wawili wanaongea kwa vidole kuliko sisi tunavyoongea kwa mdomo. Wapinzani wanajua ishara zipo, ila hawajui maana yake.

Nikamwambia Baba Nuru, tumekaa kwenye mkeka, "Unajua kosa letu? Wewe ulicheza na mimi poka. Ulinificha kama mpinzani. Na mimi nikakutazama kama televisheni. Hakuna aliyekumbuka kwamba tunacheza wahedi na sitini."

Alinyamaza sana. Halafu akagusa sikio. Sikujua maana yake, lakini nilicheka, naye akacheka, na ikawa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili.

Tangu hapo tuna utaratibu, na wewe unaweza kuuchukua kama unakufaa. Mwenzio lazima azione karata zako, na azione kutoka kwako, si kwa dada wa mapokezi. Ukiona kitu chake ambacho hajakuonyesha, sema siku ileile: "Nimeona." Ni neno moja, lakini linakutoa kwenye kochi na kukurudisha mezani. Usingoje umkamate, maana ukianza kungoja utaanza kunogewa, na ukinogewa umeshakuwa mtazamaji. Na watu wa nje, hata awe dada wa tumbo moja, wasubiri. Sisemi ufe na lako moyoni. Kama unapigwa, kama uko hatarini, usichelewe hata dakika moja, piga kelele. Nasema mambo haya yetu ya kawaida, ya pesa na kazi na aibu. Mtu akiwa bado anapambana, kumwanika ni kumfungia mikono.

Dada yangu nilimsamehe, kwa sababu ningemlaumu vipi? Alifanya nililofanya mimi, tena mimi ndiye niliyeanza. Shemeji na mume wangu, mtu na mwanyumba wake, wanasalimiana kwa adabu nyingi mno, ile adabu ambayo si dalili nzuri. Hilo bado halijapona, na sitakudanganya kwamba limepona.

Baba Nuru alipata kazi mwezi wa saba, kwenye kampuni ndogo. Mshahara ni pungufu, lakini tai hawavai. Usiku tukishamlaza mtoto bado tunatazama poka, na mimi bado nawafokea, ila siku hizi mtu akitupa karata nzuri sisemi ni mjinga. Nasema maskini, haoni.

Na kama unajiuliza imekuwaje leo nimemwanika mume wangu kwenye jarida linalosomwa mpaka saluni kwa mama mkwe, jibu ni hili. Nilimpa aisome kwanza, akiwa amekaa pembeni yangu. Aliisoma yote, akarudi kwenye ile sehemu ya tai, akakohoa. Nikamuuliza niifute? Akasema, "Acha. Mkono ule umeshaisha. Waonyeshe."